Kitabu Kiko Njiani, Meza Isikae Bure

Septemba 17, 2024, kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kiliingia rasmi madukani Marekani kwa dola 49.99: kurasa 384, jalada gumu, uzito unaopita kilo moja. Kwa mchezaji wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, siku hiyo kitabu kilikuwa kinaanza tu safari. Kitavuka bahari, kitashuka Dar es Salaam, kitangoja taratibu zake, kisha kitakula zaidi ya kilomita 1,200 za nchi kavu hadi ziwani. Kikija kuguswa na mkono wa mtu wa Kigoma, wenzake wa kwingine wameshakisoma, wameshakibishania na wameshakuta makosa yake.

Wengi huona kuchelewa huko ni hasara. Mimi naona ni mtaji, ila mtaji unaotumika vibaya. Vikundi vingi hungoja kwa njia mbili mbaya kuliko zote: ama vinalipia kitabu kabla hakijatoka kwa kuogopa kuachwa nyuma, ama vinaacha kucheza kabisa hadi kifike. Ya kwanza inapoteza pesa, ya pili inapoteza wachezaji.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne hadi sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi. Yeye ndiye anayeujua ulimwengu wa kisa, anayewasemea maadui na wapita njia, na anayeamua hali ikoje. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwa namba kwenye karatasi: mpiganaji, kuhani, mdokozi, mjuzi wa mizungu, yaani wa nguvu za ajabu. Jambo likiwa na shaka, dadu inatupwa. Hakuna mshindi, na kisa kinaweza kwenda wiki hadi wiki kwa mwaka mzima. Vitabu vinaleta kanuni, mazimwi, ramani na visa vilivyotayarishwa. Ndiyo maana kitabu kipya kinangojwa kwa kimuhemuhe kikubwa: kinagusa kile ambacho mhusika wako ataweza kufanya Jumamosi ijayo.

Wachapishaji wanaijua hamu hiyo na wanaitunza kwa miezi. Toleo la 2024 lilianza kujaribiwa hadharani Agosti 2022, na majaribio yakaendelea hadi mwishoni mwa 2023. Rasimu za kanuni zilitolewa bure, wachezaji wakazijaribu, wakajaza dodoso. Ni utaratibu mzuri, na ni nafasi ya kweli kwa mchezaji wa Kigoma kusikika sawa na wa London. Lakini rasimu ni rasimu. Aprili 2023 rasimu mojawapo ilibadilisha kabisa namna ambavyo mhusika aliyefunga mkataba na nguvu za kiroho anavyopata uwezo wake; Septemba mwaka huo huo utaratibu wa zamani ukarudishwa. Mganga wa porini anayejigeuza mnyama naye alipewa kanuni mpya za kujigeuza mwanzoni mwa 2023, nazo hazikufika kwenye kitabu. Meza iliyochapa rasimu zile kwenye karatasi, ikawajenga wahusika juu yake, ililazimika kuwabomoa. Rasimu isomwe kwenye simu, ijaribiwe kikao kimoja kwa wahusika wa muda, maoni yatumwe, basi. Isichapwe, na mhusika wa kudumu asijengwe juu yake.

Tangazo la kitabu lenyewe lina namba, na namba zinasomeka. Chukua hicho cha 2024. Kilitangazwa kuwa na aina 12 za wahusika, kila moja ikiwa na matawi manne, yaani matawi 48. Spishi 10, asili 16, vipaji 75. Kile cha 2014 kilikuwa na kurasa 320 na matawi 40. Kwa hiyo kurasa ziliongezeka 64 na matawi yakaongezeka manane. Ukiona hivyo, usidhani kurasa zote 64 zimekwenda kwenye vitu vipya vya kuchezea. Nyingine zimemezwa na picha kubwa zaidi na faharasa ya kanuni nyuma ya kitabu. Faharasa hiyo kwa maoni yangu ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwa sababu inamaliza mabishano ya mezani kwa nusu dakika, ingawa haikuwa ndiyo iliyopigiwa tarumbeta.

Lakini la muhimu zaidi ni kuuliza kile ambacho tangazo halikusema. Mwongozo wa msimulizi wa 2014 ulikuwa na jedwali la kumjengea zimwi tangu mwanzo: unapanga atavumilia mapigo kiasi gani, atapiga kwa nguvu gani, kisha jedwali linakuonyesha anafaa kupambana na wahusika wa ngazi ipi. Mwongozo mpya uliotoka Novemba 12, 2024 ukaleta visa vitano vifupi, ulimwengu wa mfano na kanuni za wahusika kujenga ngome zao. Jedwali lile halikurudi. Kilichobaki ni maelekezo mafupi ya kumbadilisha zimwi aliyekwishaandikwa. Kwa meza inayotumia mazimwi ya kitabuni tu, hilo ni dogo. Kwa msimulizi wa Kigoma anayetaka kutengeneza kiumbe cha vilindi vya Ziwa Tanganyika, ambavyo vinashuka zaidi ya mita 1,400, hilo ni pengo. Kwake yeye kitabu cha zamani cha 2014 bado kina thamani, na asikitoe kwa sababu tu kipya kimetangazwa.

Mfano ninaourudia kila mara ni Spelljammer. Huu ni ulimwengu wa meli zinazosafiri kati ya nyota, uliotoka mara ya kwanza 1989. Mashabiki walingoja miongo mitatu urudi. Agosti 2022 ukarudi: vitabu vitatu ndani ya sanduku moja, kila kimoja kurasa 64, kwa dola 69.99. Fanya hesabu. Kurasa 192 zilitakiwa zibebe ulimwengu mzima, mazimwi yake, wahusika wake, na kisa kizima cha kuchezwa. Anayeishi kwenye mji wa meli, anayejua kwamba chombo si kiti cha kukalia tu bali kina nahodha, usukani, mzigo, upepo na kuvuja, angetaka kanuni za kuendesha meli na kupigana kwa meli. Hicho ndicho kilichotoka kwa uhaba kabisa, na ndicho mashabiki walichokilalamikia sana. Namba zilikuwa wazi kabla ya kutoka. Aliyegawa 192 kwa tatu alikuwa na sababu ya kungoja asome maoni ya waliokwisha kukinunua.

Kuna jambo zito zaidi ndani ya sanduku lile. Kulikuwa na jamii ya viumbe wafananao na nyani, ikaandikiwa asili kwamba walikamatwa, wakabadilishwa kwa mizungu ili watumikishwe, kisha wakakombolewa. Wasomaji wakaona mara moja jinsi masimulizi hayo yanavyogusa kebehi za kale dhidi ya watu weusi na utumwa wao. Mwanzoni mwa Septemba 2022, majuma machache tu baada ya kitabu kutoka, mchapishaji aliomba radhi na kuyaondoa maelezo hayo. Sasa fikiria nakala hiyo inafunguliwa Ujiji, kwenye mwisho wa njia ya misafara iliyobeba pembe za ndovu na watu kutoka ng'ambo ya ziwa kwenda pwani, mahali ambapo historia hiyo ina miembe na barabara yake. Aliyelipia mapema alipata karatasi zenye maneno yale. Aliyengoja miezi michache alijua, na akaamua akiwa na taarifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na aliyesifiwa kabla hajagema hana hata haja ya kupanda mnazi.

Tarehe nazo zisichukuliwe kama ahadi ya mkopo. Mwongozo wa msimulizi wa 2014 ulitangazwa kutoka Novemba 18, ukasogezwa hadi Desemba 9. Kitabu kipya cha ulimwengu wa Eberron kilitangazwa cha Agosti 19, 2025, kikasogezwa nacho hadi Desemba 9. Kwa vitabu vinavyochangiwa na mashabiki kabla havijaandikwa, umbali ni mrefu zaidi. Draw Steel, mchezo mwingine wa namna hii, ilichangiwa Desemba 2023 na kukusanya zaidi ya dola milioni 4; toleo lake la faili likawafikia wachangiaji katikati ya 2025. Hakuna aliyedanganywa hapo, kazi ya kuandika kanuni na kuzijaribu ndivyo ilivyo. Ila mchangiaji wa Kigoma ajue kwamba kwenye michango hiyo gharama ya usafirishaji mara nyingi hudaiwa baadaye, kitabu kikishachapwa, na wakati huo bei ya dola na ya nauli haitakuwa ile ya siku aliyochangia. Kama unataka kuunga mkono kazi ya namna hiyo, chagua daraja la faili bila kitabu cha karatasi. Deni la nauli halitakufuata.

Sasa tuje kwenye meza inayokaa bure. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na hizo kenda zipo. Januari 2023, baada ya mgogoro mkubwa kati ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa Dungeons & Dragons, na mashabiki kuhusu leseni ya kutumia kanuni za mchezo iliyokuwapo tangu 2000, kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano, lile la 2014, chini ya leseni huria ya Creative Commons. Aprili 2025 ikafanya hivyo hivyo kwa kanuni za toleo la 2024. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosemwa: maandishi hayo unaruhusiwa kuyachapa, kuyarudufu, kuyatafsiri kwa Kiswahili na hata kuuza tafsiri yako, mradi uweke lile tamko la kumtaja mwenye kazi. Leseni hiyo haiwezi kufutwa. Kwa Pathfinder, mshindani wake mkubwa, kanuni zote zinasomeka bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Basic Fantasy nao ni mchezo kamili unaotolewa bure tangu zamani, mwepesi, na unafaa meza inayoanza.

Tofauti moja ya kuzingatia kwa wenye simu na bando: vitabu vya toleo la tano la Dungeons & Dragons haviuzwi kama faili za PDF, vinasomwa kupitia jukwaa la D&D Beyond. Paizo, wachapishaji wa Pathfinder, wanauza PDF na wanakupa faili nzima au faili za sura moja moja. Chukua za sura. Faili moja ya kitabu chenye picha ukurasa hadi ukurasa inaigandisha simu yenye kumbukumbu ndogo, na msimulizi anayengoja ukurasa ufunguke ameshaipoteza meza.

Faili huru ya kanuni ina zaidi ya kurasa 350. Usiipeleke yote steshenari. Kama unatozwa shilingi 150 kwa upande, nzima itapita shilingi 52,500, na nyingi ya kurasa hizo hazitaguswa mwaka huu. Chapa sura ya namna ya kucheza, aina nne za wahusika hadi ngazi ya tatu, mizungu ya daraja la kwanza na la pili, na mazimwi 20 dhaifu. Ukichagua vizuri unapata kama kurasa 40, yaani shilingi 6,000, bado gharama ya kubana kwa spairo. Mazimwi yabane peke yake, yakae kwa msimulizi. Kosa la kawaida ni kubana kila kitu pamoja: mchezaji anatafuta mizungu yake, macho yanaangukia udhaifu wa adui anayemkabili.

Dadu ndizo zinazowakwamisha wengi, kwa sababu seti inayotakiwa ina dadu saba, zenye pande 4, 6, 8, 12 na 20, na mbili za pande 10, na si rahisi kuzikuta kwenye duka la kawaida. Dadu ya ludo ni ya pande sita, na inatosha kuzaa nyingine kadhaa. Ukitaka pande nne, itupe, ikija tano au sita rudia. Ukitaka 12, tupa mara mbili: ya kwanza ikiwa moja hadi tatu, soma ya pili kama ilivyo, ikiwa nne hadi sita, ongeza sita kwenye ya pili. Ukitaka nane, ya kwanza ikiwa witiri usiongeze kitu, ikiwa shufwa ongeza nne, kisha tafuta namba ya pande nne kwa njia ile ya kurudia.

Ya pande 20 ndiyo moyo wa mchezo, na hapa ndipo watu hukosea. Wengine hutupa dadu tatu za ludo na kujumlisha, kwa kuwa wastani wake ni 10.5, sawa kabisa na wa dadu ya pande 20. Wastani ni sawa, tabia ni tofauti. Kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi ya asilimia 5, kwa hiyo ile 20 ya pigo la ajabu itaonekana karibu kila kikao. Kwenye dadu tatu za ludo, 18 ina nafasi moja kati ya 216. Mchezo unakuwa mkavu, mdhaifu hampigi mwenye nguvu kamwe, na watu wanadhani kanuni ndizo mbovu.

Njia iliyo sahihi ni vizibo vya soda. Kusanya 20 vya soda ya aina moja. Kifungua chupa huwa kinaacha mkunjo upande mmoja wa kizibo, na kidole kinaujua mkunjo huo kama kipofu anavyoijua njia ya kwake, kwa hiyo viweke juu ya ubao na kuvinyoosha vyote kwa nyundo ndogo hadi vilale. Andika 1 hadi 20 upande wa ndani kwa makapeni, acha wino ukauke usiku mmoja, uvitie kwenye mfuko wa kitambaa usioonyesha ndani. Kila mtu anachomoa kimoja, anasoma, anakirudisha, anatikisa. Kukirudisha ndiyo kanuni yenyewe. Kikibaki nje, kila kinachochomolewa kinabadilisha nafasi ya vinavyobaki, na baada ya 20 kutoka hakuna atakayeipata tena hadi mfuko ujazwe upya. Vizibo 10 vingine kwenye mfuko wa pili vinakupa dadu ya pande 10.

Lugha inastahili muda zaidi kuliko inavyopewa. Vitabu vinakuja kwa Kiingereza, na meza nyingi zinacheza kwa Kiswahili huku maneno ya kanuni yakibaki ya kitabuni. Matokeo yake mchezaji mgeni anakaa kimya. Kipindi cha kungoja kitabu ndicho kipindi cha kutengeneza msamiati wa meza, kwenye karatasi moja, ukubaliwe na wote. Namba inayoonyesha adui ni mgumu kiasi gani kupigwa iite kinga. Uwezo wa kuvumilia mapigo uite nukta za uhai. Ile dadu anayotupa mtu ili aepuke sumu, moto au mtego iite jaribio la kujinusuru. Neno linajieleza lenyewe. Pambano linaenda kwa duru, kila duru sekunde sita za ndani ya kisa, na ndani ya duru kila mtu ana zamu yake. Kushambulia kunakuwa sentensi moja ambayo hata mtoto wa darasa la tano ataishika: chomoa kizibo, ongeza bonasi yako, ukifikia kinga ya adui au ukiizidi, umempiga.

Kuna neno moja la kushikwa kwa uangalifu. Mhusika anayejifunza nguvu zake kutoka vitabuni, ukimwita mchawi, umeleta mezani neno ambalo huku kwetu ni tuhuma. Jirani akisikia kupitia dirishani vijana wanabishana nani ni mchawi na amemfanya nini mwenzake, atakuwa na haki ya kushtuka, na mzazi atakuwa na haki ya kuuliza. Kiswahili kina hazina ya kutosha. Mjuzi wa mizungu anatosha kwa msomi. Mganga anatosha kwa yule wa porini. Kuhani kwa anayeomba. Neno mchawi libaki kwa adui, mahali ambapo kila msikilizaji atalielewa bila kuelezwa.

Turudi kwenye vitabu vyenyewe, kwa maana swali linabaki: kipi kingojwe? Maoni yangu ni haya. Kama kanuni za msingi zipo bure, kitabu cha kanuni ndicho cha mwisho kununuliwa, ingawa ndicho kinachotangulia kutoka na kupigiwa debe kuliko vyote. Cha kwanza kuagiza ni kitabu cha mazimwi. Kazi ya kuunda mazimwi mia kadhaa yenye uzani sawa haifanyiki mezani usiku, na kitabu cha mazimwi cha Februari 18, 2025 kina zaidi ya 500. Cha pili ni kitabu cha kisa kimoja kirefu, kwa msimulizi ambaye ana kazi ya mchana na hana muda wa kutunga. Cha ulimwengu, chenye miji na ramani na wafalme, naona ndicho meza ya hapa inaweza kukikosa bila kujuta. Mtemi Mirambo aliyefunga njia ya Tabora na Ujiji mwaka 1871, ruga-ruga wake, yaani wapiganaji wake, wafanyabiashara wa Unyanyembe, Tabora, waliokwama na mizigo yao, chumvi ya Uvinza, misafara inayotafuta njia nyingine ya kufika ziwani: hapo tayari pana pande tatu zinazogombana, bidhaa yenye thamani, na njia yenye hatari. Msimulizi akiongeza zimwi moja ana miezi sita ya kucheza.

Vitabu vitatu vikubwa vya toleo la 2024 vilipishana miezi mitano kutoka cha kwanza hadi cha mwisho. Kigoma inajua mambo ya kufika vipande vipande. MV Liemba, enzi hizo Graf von Götzen, iliundwa Papenburg nchini Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye masanduku 5,000, ikaletwa hadi Dar es Salaam na kisha kwa reli hadi hapa, ikaingia majini 1915. Meli haisafiri mpaka sanduku la mwisho lifunguliwe. Meza inaweza: kanuni za 2024 zilitengenezwa zifanye kazi pamoja na visa na mazimwi ya 2014, kwa hiyo wahusika wapya wanaweza kukabili maadui wa zamani bila kungoja kitabu cha tatu. Watawazidi nguvu kidogo. Msimulizi aongeze adui mmoja, asiongeze nukta za uhai, maana pambano refu linachosha kuliko pambano gumu.

Kuhusu pesa, hesabu inaunga mkono subira. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, kitabu cha dola 49.99 ni kama shilingi 125,000 kabla ya nauli. Watu watano wakichanga 5,000 kila kikao, vikao viwili kwa mwezi, wanapata 50,000. Wakianza kuchanga siku kitabu kinapotoka, mwezi wa nne wana 200,000, kitabu na nauli. Na mwezi wa nne ndio wakati ambapo makosa mengi yameshajulikana na orodha za masahihisho zimeanza kutoka. Kabla ya kulipa andikeni kabisa kitabu kitakaa kwa nani, na anayehama mji anarudishiwa nini. Vikundi vimevunjika kwa jambo hilo kuliko kwa zimwi lolote.

Vitabu vikubwa hupenda kutoka Septemba hadi Desemba, na vikitoka wakati huo vinatufikia ndani ya mvua. Mwombe anayekutumia kutoka Dar es Salaam akifunge kwanza kwa nailoni, kisha kwa karatasi ngumu za boksi pande zote mbili, kila moja ikizidi kitabu kwa sentimita mbili, ili kinachogongwa kwenye buti la basi kiwe ni ukingo wa boksi na si kona ya jalada. Nailoni peke yake haizuii kona kupondeka, na boksi peke yake linakunywa maji. Kikifika kitoe kwenye nailoni siku hiyo hiyo, kwa kuwa unyevu uliofungiwa ndani unaleta ukungu, na ukikiweka kwenye rafu kisimame wima kikiwa kimebanwa na vingine. Jalada gumu lisilobanwa likikaa mwezi mzima kwenye unyevu wa ziwa huanza kujipinda.

Halafu kikague kabla hujakisoma. Vitabu hivi hushonwa au kugandishwa kwa mikunjo ya kurasa 16 au 32. Ndiyo maana 384 ni 32 mara 12, 320 ni 32 mara 10, na vile vijitabu vya Spelljammer ni 32 mara mbili. Kosa la kiwandani likitokea, mara nyingi linakuja kwa ukubwa huo huo: mkunjo umerudiwa, umeruka, au umegeuzwa juu chini. Kwa hiyo si lazima upekue kurasa zote. Fungua ukurasa wa 16, wa 32, wa 48, uende hivyo hadi mwisho, ukitazama namba ya ukurasa na wa mbele yake zinafuatana. Ni dakika tano. Mwenzako arekodi kwa simu tangu boksi linapokatwa, bila kukatiza, kwa sababu muuzaji wa mbali atataka kuona kwamba kona ilipondeka njiani. Ukikuta kasoro, mwandikie siku hiyo hiyo, picha ya ukurasa wenye kasoro na ya lebo ya kifurushi ziwe pamoja, kisha mfuko wa vizibo urudi mezani, kikao kiendelee na zile kurasa 40.